Fundi wa Miaka 11, na Bado Mnamwita "Hajasomea"

Binamu yangu ana kibanda cha kuchomelea hapa Kaptembwo. Mageti, grili, bodi ya matatu ikipasuka, yeye ndiye anaitwa. Miaka 11. Mwaka jana kuna kampuni ilitaka mawelda, akaenda. Hakuna aliyempa hata kipande cha chuma aonyeshe. Swali lilikuwa moja tu: cheti kiko wapi? Akarudi bila kazi, nauli pia imeenda.

Wiki mbili baadaye, kijana aliyechukuliwa akampigia simu usiku. Ati bomba jembamba linatoboka kila akichomelea, afanyeje? Manze, siwatanii. Binamu akamwambia apunguze moto.

Sasa usiniambie "angesoma." Mimi nilienda chuo kikuu nikaacha, kwa hivyo sina digrii ya kuwaringia. Lakini pia sitakudanganya ati karatasi haina maana. Ina maana sana. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa wafanyakazi kule Berlin, na Mjerumani hataki kusikia "fundi anajulikana mtaani." Anataka karatasi.

Shida ni, karatasi gani? NITA wanatoa gredi, kutoka 3 hadi 1. KNEC kwa miaka wametoa artisan, craft na diploma. CDACC, waliozaliwa na sheria ya TVET ya 2013, wana level zao. Halafu 2014 ikaundwa KNQA ipange hizo zote kwenye ngazi moja ya hatua 10. Kwa makaratasi inapendeza. Lakini muulize mwenye gereji yoyote kutoka Molo hadi Gilgil, gredi 2 ya NITA na level 4 ya CDACC, kubwa ni gani? Atakuuliza kama umekuja kazi au kumsumbua. Na kama mwajiri hajui cheti chako kinasema nini, nyinyi mnaokitoa mnamuuzia huyu kijana nini hasa?

Dawa wanayo. Inaitwa RPL: unatambuliwa ujuzi uliopata kazini bila kurudishwa darasani. Unaleta ushahidi wa kazi zako, mtahini anakupima, unapewa cheti. Hii ndiyo kitu bora hawa watu wamewahi kufikiria, na wanaiweka mbali na wenyewe. Binamu aliuliza kwenye kituo kimoja (sitakitaja), akapewa fomu za Kiingereza na akaambiwa aje siku ya kazi, na ada mkononi. Afunge kibanda, watoto wale nini?

Najua mtasema tukiwafuata mafundi mtaani, vyeti vitauzwa kama njugu. Buda, mapema 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza vyeti feki zaidi ya 2,000 ndani ya ofisi za serikali. Hivyo havikutoka kibandani kwa welda. Karatasi unaweza kuighushi, lakini geti lililopinda utalificha wapi?

Kwa hivyo mtahini aje Kaptembwo Jumamosi moja. Mashine iko, vyuma viko, stima iko siku nyingi. Mpeni binamu yangu geti moja achomelee mkiangalia. Akishindwa, mwambieni ameshindwa, hatakasirika. Akiweza, muandikieni cheti hapo hapo, kwa lugha ambayo mwenye gereji wa Molo anaelewa.