Usiongeze Kusubiri, Angalia Mara Mbili

Wadau, leo tuzungumzie saa ya kompyuta, ile chipu ndogo yenye betri yake inayoendelea kuhesabu hata mashine ikizimwa. Wengi hatuijali kwa sababu intaneti huja kuisahihisha. Lakini ichukue kompyuta hadi Mkwiro, kisiwani Wasini, ambako unavuka kwa mashua kutoka Shimoni, uiwashe bila mtandao. Hapo saa hiyo ndiyo shahidi pekee. Ikidanganya, hata daftari la samaki waliopimwa asubuhi litaandikwa wakati usio wake.

Na draiva, yaani programu inayoisoma saa hiyo, inaweza kudanganya. Chukueni MC146818, chipu ya saa iliyotumika kwenye IBM PC/AT mwaka 1984. Kila sekunde hubadilisha tarakimu zake. Mikrosekunde 244 kabla ya kuanza, huinua biti moja kama bendera: ngojeni, nabadilisha! Draiva ya Linux iliitazama bendera. Ikiwa juu, ilisubiri milisekunde 20. Ikiwa chini, ilisoma moja kwa moja.

Kasoro iko wapi? Baada ya kutazama, prosesa inaweza kuvutwa kwenye kazi nyingine, na bendera ikapanda nyuma ya mgongo wake. Ni sawa na kuhesabu abiria huku wengine wakipanda mashua. Saa 10:59:59 inaweza kusomeka 11:00:59: sekunde za zamani, dakika na saa mpya.

Desemba 2020 Thomas Gleixner alileta rekebisho. Tazama bendera, soma saa, kisha itazame bendera tena na ulinganishe sekunde. Kimebadilika kitu? Tupa ulichosoma, anza upya.

Maoni yangu ni haya. Sisi waandika programu tukikutana na kasoro ya wakati, mkono hukimbilia kuongeza muda wa kusubiri. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini kusubiri bila kuhakikisha hakuna baraka pia. Kunapunguza tu mara ambazo kasoro itaonekana, kisha inamtokea mtu aliye mbali na fundi.

Kwa hiyo kabla hujasema draiva yako imepona, zima mtandao, ilemeze mashine kwa kazi nyingi, uisome saa mara milioni. Ikipita hapo, mtu wa Mkwiro ataweza kuiamini.

Mnasemaje wadau?