AFYA NYUMBANI: Ini, Mtumishi Asiyelia



Mtu akiambiwa neno la kumchoma, husema, "Maneno yale yamenikata maini." Wazee wetu waliona kwamba ini ni kiungo cha thamani, wakalipa mahali pa heshima katika misemo yao. Lakini lina ajabu moja. Jino bovu litakuamsha usiku wa manane, bali ini bovu laweza kukaa miaka 20 bila kukuuma. Basi yatupasa kulifahamu, kwa maana ugonjwa wake huleta vifo, na mara nyingine huleta pia ugomvi mkubwa kati ya ndugu.

Ini hukaa upande wa kuume, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa kilo 1 na nusu hivi. Ninyi mkaao Kasenga mmeona samaki wa Luapula wanavyopokelewa ukingoni: hushushwa, huchaguliwa, wengine huwekwa akiba, wengine hupelekwa Lubumbashi, na walioharibika hutupwa. Kazi ya ini ni kama hiyo. Damu itokayo matumboni, ikiwa imechukua chakula tulichokula, haiendi moyoni moja kwa moja. Hupita kwanza katika ini. Hapo sukari itokayo katika bukari huwekwa akiba, ikagawiwa mwilini polepole wakati wa njaa na usiku. Pombe, dawa na uchafu wenye sumu hugeuzwa, vipate kutoka mwilini kwa mkojo au kwa choo.

Tena ini hutengeneza nyongo, yapata nusu lita hata lita moja kwa siku, ili kusaga mafuta ya chakula. Hutengeneza vitu vinavyogandisha damu tukijikata kwa kisu, na vile vinavyozuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa. Kumbukeni hili la mwisho, tutalirudia.

Mtumishi huyu ana nguvu nyingi. Waganga wakikata hata theluthi mbili za ini zima la mtu, sehemu iliyobaki hukua tena ikatosha kazi. Lakini likijeruhiwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, hufanya makovu badala ya nyama hai. Ini lenye makovu mengi hukakamaa, wala haliwezi tena kupitisha damu vema.

Ni nani wanaolijeruhi? Adui wa kwanza ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Mnamo 1965 Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake walieleza alama waliyoiona katika damu, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ya kirusi hicho. Mwaka 1976 akapewa tuzo ya Nobel. Kirusi hiki hakipiti katika sahani moja ya chakula, wala katika kushikana mikono. Hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa wembe au sindano iliyotumiwa na mwingine, na kwa mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukishinda. Lakini katika watoto 10 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, 9 hivi hubaki nacho maisha yao yote, na baadhi yao huja kuugua makovu au saratani ya ini wakiwa watu wazima.

Adui wa pili hukaa ghalani. Ni sumu ya ukungu uotao juu ya karanga na mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka, nayo huitwa aflatoksini. Ilijulikana kwanza Uingereza mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kula chakula cha karanga zenye ukungu. Wala msidhani kwamba ni maradhi ya ndege tu. Mwaka 2004 huko Kenya, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kila siku haanguki, lakini ini lake hudhurika, na akiwa na kirusi cha B pia, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi sumu hii.

Adui wa tatu yumo majini. Ni kichocho cha matumbo, kinachoingia kupitia ngozi ya mtu aogaye au avuaye katika maji yenye konokono wa ugonjwa huo. Mayai ya mdudu huyo huchukuliwa na damu hata katika ini, yakaacha makovu humo. Wa nne ni pombe, hasa lutuku na pombe nyingine kali, ambazo mnywaji hajui hata kidogo nguvu yake ni kiasi gani. Pamoja na hao, tusisahau dawa zinazomezwa ovyo. Parasetamoli, ambayo kwa kipimo ni dawa njema, ikizidi kipimo yaweza kuliua ini kwa siku chache.

Sasa turudi kwenye yale maji ya damu. Ini likikakamaa, damu itokayo matumboni hukosa njia, kama mto uliozibwa, na maji yake huvuja ndani ya tumbo. Kwa kuwa ini halitengenezi tena vya kutosha vile vizuizi vya maji, tumbo hujaa hata likawa kama la mja mzito, huku mikono na mashavu yakikonda. Mishipa ya umio hufura, na ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Sumu ambazo ini lilikuwa likizigeuza hupanda hata kwenye ubongo: mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, hutetemeka mikono, husema maneno yasiyo na maana, pengine hata hamjui mkewe.

Jamaa wakiyaona hayo, wengi husema: "Huyu amerogwa. Tumbo hili ametumiwa na mtu." Kisha hutafutwa wa kulaumiwa: shangazi mjane, mzee asiye na mtoto wa kumtetea, au ndugu waliyegombana naye juu ya shamba. Hufukuzwa, pengine hupigwa, na mgonjwa hafiki hospitali mpaka amechelewa. Hivyo nyumba moja hupata misiba miwili. Wazazi wangu, kila dalili niliyoitaja ina njia yake ndani ya mwili, wala hakuna jirani aliyeishika. Kumshitaki asiye na hatia hakutoi hata tone moja la maji tumboni mwa mgonjwa.

Basi tufanye nini? Mpelekeni mtoto kupata chanjo zake katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tangu mwaka 2007 kinga ya homa ya ini B imo katika chanjo za watoto wa Kongo. Mama mja mzito aulize kituoni kama aweza kupimwa, na kama ipo chanjo ya mtoto katika saa 24 za kwanza. Kila mtu na wembe wake. Anikeni karanga na mahindi juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu. Wekeni gunia juu ya ubao, mbali na ukuta. Zenye ukungu, zilizonyauka au kugeuka rangi tupeni, wala msiwape kuku. Jengeni choo na kukitumia, na anayeona damu katika choo chake apimwe kichocho, kwani dawa yake ipo. Mwenye ugonjwa wa ini aache pombe kabisa.

Na mkiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au tumbo linafura, nendeni hospitali wiki hiyo hiyo. Akitapika damu au akichanganyikiwa, nendeni saa ile ile. Mlete na yule shangazi aliyenyoshewa kidole, ashike mkono wa mgonjwa njiani. Huenda yeye ndiye anayempenda kuliko wote.