Cabo Delgado: Kompyuta kongwe, programu huria na kumbukumbu isiyoandikwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza huduma yake ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kuwaka, kuandika barua na kuchapa karatasi, ila kila tundu jipya litakalogunduliwa na wadukuzi litabaki wazi. Mwenye fedha amekwisha kununua mashine mpya. Katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia na kuteremka mpaka kisiwa cha Ibo, habari hiyo inasomwa kwa namna nyingine, nayo inahitaji kuelezwa taratibu.

Windows 11, mfumo uliochukua nafasi, unadai chipu ya ulinzi iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Kwa kompyuta zenye prosesa ya Intel unadai pia, ukiacha mashine chache, kizazi cha nane au cha baadaye. Kizazi hicho kilianza kuuzwa katika nusu ya pili ya mwaka 2017. Ni majira yale yale ambapo watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, tarehe 5 Oktoba 2017, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Kwa hiyo karibu kila kompyuta iliyonunuliwa kwa ofisi, shule au duka la pwani hiyo kabla ya vita imefungiwa nje ya mlango.

Yaliyofuata yanajulikana. Mocímboa da Praia ilitekwa mwezi Agosti 2020 na kukaa mikononi mwa waasi mwaka mzima, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoingia tarehe 8 Agosti 2021. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi mwaka huo huo, na mawasiliano ya simu yakakatika. Katika kilele cha vita watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao, wengi wao bila hata kipande cha kitambulisho. Majengo ya serikali yalichomwa pamoja na majalada yake. Ofisi inayoanza upya katika mazingira hayo haiko mbele kwenye foleni ya kompyuta za kisasa. Huanza na mashine iliyonusurika, iliyotolewa msaada, au iliyokwisha kutumika kwingine na kuvushwa kupitia mto Ruvuma kutoka upande wa Mtwara.

Hapo ndipo programu huria zinapoingia katika mazungumzo. Linux, ambayo kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, haina ada ya leseni, na matoleo yake mengi hufanya kazi vizuri kwenye mashine ya miaka kumi au zaidi. Ushauri wa kuhamia huko umetolewa mara nyingi tangu Oktoba. Ni ushauri mwema, lakini una pengo ambalo watoaji wake hulipita haraka: hakuna anayeweza kumwambia fundi wa Palma kama mashine iliyo mezani kwake, hiyo hasa, itakubali.

Kifaa na draiva yake

Kompyuta ni mkusanyiko wa vifaa vilivyotengenezwa na kampuni mbalimbali: chipu ya sauti, chipu ya waifai, kamera, kioo. Kila kimoja huhitaji programu ndogo ya kukiongoza, ambayo mafundi huiita draiva. Mtengenezaji huiandika kwanza kwa ajili ya Windows, kwa sababu huko ndiko soko lilipo. Kwa Linux, mara nyingi ni watu wa kujitolea waliochunguza kifaa na kuiandika wenyewe, na wakati mwingine kampuni ilikataa hata kueleza kifaa chake kinavyofanya kazi. Ugomvi huu ni wa zamani kuliko Linux yenyewe. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amesimulia mara nyingi kwamba kilichomsukuma ni printa ya Xerox katika maabara ya chuo cha MIT, ambayo alinyimwa msimbo wake asiweze kuirekebisha.

Taabu kubwa kwa watu wa pwani ni waifai. Chipu nyingi za waifai haziamki mpaka kompyuta izipandishie programu ya ndani inayomilikiwa na mtengenezaji. Kwa miaka mingi Debian, mojawapo ya matoleo makubwa ya Linux, ilikataa kuweka programu hizo kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji, kwa kuwa si huria. Msimamo huo ulikuwa na heshima yake. Kwa mtu wa Lisbon ulikuwa usumbufu wa dakika kumi, maana alichomeka waya wa intaneti na kuzipakua. Kwa mtu wa Ibo ulikuwa ukuta: ili upate intaneti unahitaji programu, na ili upate programu unahitaji intaneti. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022 kubadili utaratibu, na toleo la 12, lililotoka tarehe 10 Juni 2023, likaja na programu hizo ndani yake. Hata hivyo baadhi ya chipu za zamani za Broadcom, ambazo bado zimejaa katika kompyuta za mitumba, zimebaki nje, kwa kuwa kampuni haikuruhusu programu zake zisambazwe na wengine.

Ipo njia ya kulizunguka tatizo hilo, nayo ni rahisi kiasi cha kusikitisha kwamba haijulikani zaidi. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kushiriki intaneti yake, Linux huiona kama kadi ya mtandao ya kawaida, bila draiva ya ziada. Modemu ndogo za USB ni wakaidi zaidi. Nyingi za Huawei, zikichomekwa, hujitambulisha kwanza kama diski iliyobeba programu za Windows, na haziwi modemu mpaka ziamriwe kujigeuza. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo usb_modeswitch. Asiyejua atafikiri modemu imekufa na kuitupa.

Ukimya wa kumbukumbu

Maarifa kama haya hupatikana kwa kuandikwa. Upo mradi wa kimataifa, Linux Hardware, ambapo mtu huendesha programu ndogo kwenye mashine yake, nayo hutuma orodha ya vifaa vilivyomo na hali ya kila kimoja. Maelfu kwa maelfu ya mashine zimekwisha kuorodheshwa hivyo. Ni kazi ya kupongezwa, lakini ina kasoro ya kuzaliwa. Kompyuta isiyopata intaneti kwa sababu waifai yake haikutambuliwa haiwezi kutuma taarifa kwamba waifai yake haikutambuliwa. Kumbukumbu hujaa mashine zinazofanya kazi mahali penye mtandao mzuri, na anayeisoma akiwa Berlin au Boston huona kwamba tatizo karibu limekwisha.

Uamuzi mkubwa huegemea picha ya namna hiyo. Debian 13, iliyotoka mwezi Agosti 2025, haitoi tena diski ya kusakinisha kwenye kompyuta za biti 32. Wasimamizi wana sababu za haki: wajitolea ni wachache na mashine hizo zinapungua. Zinapungua wapi, hilo ndilo swali, na pwani ya Cabo Delgado haikuwa na njia ya kulijibu.

Kwa hiyo fundi wa wilayani, mwalimu au mwendesha redio ya jamii anapofanikiwa kuiwasha mashine kongwe kwa Linux, kazi yake inakuwa imefika nusu. Nusu ya pili ni kuandika. Jina lililo kwenye kifuniko cha kompyuta halitoshi, kwani mashine mbili za jina moja huweza kubeba chipu tofauti ndani. Kinachotambulisha kifaa ni namba mbili zenye alama nne kila moja, ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe. Anayeona 8086 ajue ni Intel, 14e4 ni Broadcom na 12d1 ni Huawei. Amri mbili, lspci -nn na lsusb, huzitaja zote, na hazihitaji intaneti. Zikiandikwa kwenye daftari pamoja na toleo la mfumo, tarehe, kilichofanya kazi, kilichogoma na hatua iliyokitibu, fundi wa Mocímboa da Praia hatalazimika kuanza sifuri pale wa Palma alipokwisha kupita.

Daftari la pwani litakuwa na mambo yasiyopatikana katika miongozo ya Ulaya. Betri ndogo ya saa iliyokufa ni mojawapo: umeme ukikatika, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma, kisha kila tovuti yenye ulinzi huikataa kwa kuwa tarehe haiaminiki, na mwenyewe hulaumu mtandao. Kibodi ni jambo jingine. Mashine iliyotoka Mtwara ina herufi za Kiingereza na plagi ya miguu mitatu bapa, ilhali nyaraka za Msumbiji ni za Kireno, zenye ç na alama juu ya irabu, na soketi za huko ni za miguu ya mviringo. Chumvi ya bahari inayokula viunganishi inastahili ukurasa wake.

Lugha nayo ina neno lake hapa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba istilahi zinaweza kupatikana. Lakini katika maktaba ya msingi inayotumiwa na matoleo mengi ya Linux, Kiswahili kimeorodheshwa kwa Kenya na Tanzania tu. Msemaji wa Kiswahili wa Palma huchagua Tanzania, kisha jedwali lake la hesabu humletea shilingi badala ya metikali. Kimwani hakimo kabisa. Ni jambo dogo kiufundi, na linaweza kurekebishwa na mtu yeyote mwenye subira ya kujaza faili moja na kuliwasilisha, ila lazima awepo wa kusema kwamba linakosekana.

Tahadhari moja haiwezi kuachwa. Kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia katika daftari linalopita mikononi mwa wengi: namba ya pekee ya mashine, anwani ya kadi ya mtandao, jina la mwenye kompyuta na mahali inapolala. Cabo Delgado ni mkoa ambako Ibraimo Mbaruco, mwandishi wa redio ya jamii ya Palma, alitoweka tarehe 7 Aprili 2020. Kumbukumbu ya kifaa haimhitaji mtu. Namba za chipu zinatosha.

Suala hili linagusa zaidi ya barua za ofisini. Mfumo wa takwimu za afya wa Msumbiji umejengwa juu ya DHIS2, na kumbukumbu za wagonjwa wa VVU katika vituo vingi zimo ndani ya OpenMRS. Zote mbili ni programu huria, ya pili ikiwa na mizizi yake Eldoret, Kenya. Hazimlazimishi mtu kununua Windows. Kituo kinachofunguliwa upya kaskazini kinaweza kutumia kompyuta ya mwaka 2014 kwa kazi hiyo, mradi mtu awe amekwisha kuandika ni ipi inayowaka, kwa toleo gani, na kwa waya wa nani intaneti ilipatikana.

Microsoft imeruhusu watu binafsi kujiandikisha ili waendelee kupata marekebisho ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashirika yanayopeleka kompyuta zilizotumika katika wilaya za pwani yanaweza, kabla ya tarehe hiyo, kubandika ndani ya kila kifuniko karatasi moja yenye namba za vifaa na matokeo ya jaribio la Linux, kwa Kireno na Kiswahili. Jaribio hufanywa kwa fleshi, bila kufuta chochote, na huchukua kama nusu saa.