Maoni: Kabla ya kuchapisha foto ya mkimbizi, ekrani ipimwe

Familia nyingi zilizokimbia vita mashariki mwa Congo zilifika Goma, Bukavu na Bunia bila karatasi. Ili kuanza upya, dosya ya shule inaomba foto ndogo, dosya ya kazi nayo pia. Mama anatoa faranga alizoweka kwa chakula, anaingia studio.

Hapo studio, kompyuta nyingi zina ekrani za okazyo, zilizonunuliwa bila kupimwa. Ekrani pana ya leo, ikiwekwa kwa kipimo cha zamani cha 1024 kwa 768, inaweza kupanua uso kwa theluthi nzima. Kijana wa studio anaona uso mnene, anaubana kwa programu, anachapisha. Karatasi inatoka na uso mwembamba wa mtu mwingine. Foto ilikuwa sawa. Kilichodanganya ni ekrani. Lakini dosya ikirudishwa, anayelipa mara ya pili ni mama yule.

Wenye studio watasema umeme ni haba na jenereta inakula mafuta. Ni kweli. Lakini kipimo hiki hakimalizi dakika tano. Fundi achore duara kamili kwenye kompyuta, kisha apime kwa rula juu ya kioo: upana na urefu vilingane. Duara likiwa kama yai, arudishe kipimo cha ekrani yenyewe, kwa nyingi ni 1920 kwa 1080. Kama ni ekrani nzito ya zamani, alisogeze duara kwenye pembe zote nne, na aondoe baffle za muziki karibu, sababu sumaku yake inavuta picha na kuharibu rangi. Mwisho ajaze ekrani nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, moja moja, aone kama kuna vidoa vilivyokufa.

Anayenunua ekrani sokoni afanye vilevile mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa. Muuzaji anayekataa kuiwasha amekwisha kujibu.

Mshonaji hakati kitambaa bila kupima. Mpiga foto naye asikate uso wa mtu kwa kioo asichokipima. Na mkimbizi asione haya kusema: «Nionyeshe kwanza duara.» Aliyepoteza nyumba na karatasi asipotezewe tena na sura yake.