Mbwa Wana Wenyewe

KANDO YA MTO PANGANI
Na Zainabu Mhina

Mtoto aking'atwa hapa Old Korogwe, swali la kwanza ni mbwa wa nani, na mara nyingi hakuna anayeitikia. Mbwa aliyelala jana barazani kwa fulani, akatupiwa ukoko, akabweka usiku kucha kuilinda nyumba hiyo, leo anaitwa koko. Hana kwao. Ametokea porini. Mwenyewe kajifungia ndani akihofia kudaiwa gharama za sindano. Ikifika jioni watu wameshapandwa na hasira: mbwa wamezidi, halmashauri ilete bunduki.

Hasira hiyo naielewa. Mzazi anayetazama alama za meno kwenye mguu wa mwanawe hana nafasi ya kusikiliza habari za ustawi wa wanyama. Lakini bunduki haijawahi kutuondolea kichaa cha mbwa na haitatuondolea. Dawa yake ni chanjo kwa mbwa, kila mwaka, na chanjo hiyo haiwezi kumfikia mbwa asiyekuwa na mtu wa kusimama hadharani na kusema huyu ni wangu.

Na wenyewe wapo. Watafiti waliohesabu mbwa katika vijiji vya nchi yetu, hasa kuizunguka Serengeti ambako kazi hiyo imefanyika tangu miaka ya 1990, wamekuta kwamba walio wengi wana nyumba zao. Mbwa wetu hafungwi wala hana uzio. Asubuhi anapita buchani, mchana yuko jalalani, magharibi amerudi kwao. Kuzurura kwake kusitufanye tumwone kama hana mwenyewe.

Tena kazi anafanya. Mahindi yanapobeba, mashamba ya Handeni yaliyopakana na pori hayana usingizi: mchana nyani na ngedere, usiku nguruwe. Mlinzi yuko juu ya dungu na mbwa yuko chini, kajikunja kwenye majivu ya moto uliozimika. Wa kwanza kusikia ni mbwa. Masikio yanasimama, kichwa kinageukia upande mmoja, anaanza kunguruma chini kwa chini kabla mtu hajasikia hata jani likivunjika. Mlinzi anaposhuka na debe lake la kugonga, mbwa ameshatangulia gizani. Wako wanaorudi wamechanwa ubavu na meno ya nguruwe, na kesho yake usiku wako chini ya dungu lile lile. Wafugaji wa Kimasai nao wanajua thamani ya mbwa anayebweka fisi anapolisogelea zizi. Ujira wa kazi yote hiyo ni ukoko wa ugali, na maji akikumbukwa. Tunavuna, tunajaza magunia, na katika hesabu ya msimu mbwa hatajwi.

Sasa tuje kwenye ugonjwa, maana ndio unaotugombanisha. Kichaa cha mbwa ni virusi vinavyotoka kwenye mate. Vikiingia kwenye jeraha husafiri kwa mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki au miezi. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa akaanza kukabwa koo kila anapoletewa maji, hakuna hospitali duniani yenye uhakika wa kumrudisha. Vifo vya ugonjwa huu duniani vinakadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka, na karibu vyote, 99 katika kila 100, hutokana na mbwa. Makadirio yaliyofanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliweka vifo vya Tanzania karibu 1,500 kwa mwaka. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao ndio wanaocheza na mbwa na kutumwa dukani kwa miguu. Ndio pia wanaoficha jeraha dogo kwa kuogopa kuchapwa.

Ugonjwa wa kutisha hivyo unazuilika kabisa, na ushahidi hauko mbali. Uko Pemba, kisiwa kinachotazamana na mkoa wetu wa Tanga. Mwaka 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kimeshika huko, na baadaye wataalamu walipochunguza vinasaba vya virusi walikuta minyororo mitano ya maambukizi ikienda kwa wakati mmoja. Ikaanzishwa chanjo ya mbwa ya kila mwaka, kisiwa kizima, ikaboreshwa mwaka hadi mwaka. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia tena kisiwani, mara mbili, vikakuta mbwa hawana kinga, na ugonjwa ukalipuka upya. Chanjo ya kisiwa kizima ikarudishwa. Oktoba 2018 kichaa kikamalizwa kwa mara ya pili.

Nawaomba wasomaji waitafakari habari hiyo kwa makini. Pemba ni kisiwa cha Waislamu karibu wote, mbwa ni wachache, na sidhani kuna atakayesema Wapemba wanawapenda mbwa kuliko watu wa Korogwe. Hawakuhitaji mapenzi hayo ili wafanikiwe. Walipeleka chanjo kila shehia, watu wakaleta mbwa wao. Na walipoiacha, waliona kwa macho yao jinsi ugonjwa unavyorudi.

Sisi hatuna bahari ya kutukinga. Korogwe ni njia panda ya mabasi na malori ya Arusha, Moshi, Tanga na Dar es Salaam. Vitoto vya mbwa hubebwa kwenye pikipiki na kupelekwa kwa ndugu wa kijiji kingine kama zawadi. Kwa hiyo chanjo ya Korogwe peke yake, bila Handeni, Muheza na Lushoto katika msimu huo huo, ni kujisumbua. Hapa ndipo ninapotaka mkoa ushike usukani, usiiache kila wilaya ifanye kivyake inapopata fedha.

Wanaodai bunduki watasema kuua ni haraka na ni rahisi. Indonesia walijaribu. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Flores mwaka 1997, kikiletwa na mbwa waliosafirishwa kwa mashua, waliuawa mbwa wengi mno, karibu nusu ya mbwa wa kisiwa kizima, na ugonjwa ukabaki pale pale. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu aliyeuliwa mbwa bado ana shamba na nyumba ya kulinda, kwa hiyo anatafuta mwingine, na huyo mpya anakuja bila chanjo, pengine kutoka mahali penye ugonjwa. Wengine huwaficha mbwa wao au kuwahamisha wanaposikia wapigaji wanakuja, na kichaa kinahama nao. Anayekufa mara nyingi ni yule mpole aliyezoea watu, aliyechanjwa mwaka jana, ambaye alikuwa ngao ya mtaa. Sumu inayofichwa kwenye kipande cha nyama ni mbaya zaidi, maana haichagui. Inamuua paka, inamuua kuku, na siku moja itaokotwa na mtoto.

Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakiwa na kinga, virusi vinakosa pa kushika. Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mbwa wa vijijini hawaishi sana. Wengi hufa wachanga, wengine wengi wanazaliwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili mtaa umejaa mbwa wapya wasioijua sindano. Ndiyo maana na vitoto vya mbwa vipelekwe. Wapo wanaoviacha nyumbani kwa kudhani ni vidogo mno kwa chanjo, na hivyo ndivyo vinavyochezewa na watoto wetu kutwa nzima.

Nenda siku ya chanjo ukajionee. Wanaoleta mbwa si wazee, ni watoto. Mmoja anamvuta wake kwa kamba ya katani, maana hapa kwetu kwenye mkonge kamba ya katani haikosekani, na mbwa ameng'ang'ania chini kwa kucha zote nne. Mwingine kambeba wake mabegani kama mwanambuzi. Afisa mifugo anauliza jina ili aandike kwenye kadi, na mtoto anajibu kwa sauti, bila haya: Simba. Popi. Bosi. Mtoto mwenyewe ndiye anayemfumba mbwa macho kwa kiganja, anamnong'oneza sikioni, sindano inaingia nyuma ya shingo na mbwa hata hashtuki. Afisa yule angejaribu peke yake asingemgusa. Tunaposema uhusiano wa mbwa na binadamu, ndio huo. Bila huo hakuna chanjo inayowezekana, maana mbwa aliyezoea kupigwa mawe hakubali kushikwa.

Uhusiano huo una umri mkubwa. Mwaka 1914 huko Oberkassel, karibu na Bonn nchini Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la miaka kama 14,000 lenye mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga. Watafiti walioyachunguza meno yake, wakachapisha matokeo mwaka 2018, waliona dalili za ugonjwa mkali aliougua kwa wiki kadhaa. Asingeishi muda huo bila mtu wa kumlisha na kumsafisha. Alikuwa hawezi kuwinda wala kulinda, na bado alitunzwa. Wajapani nao walionyesha mwaka 2015 kwamba mtu na mbwa wake wanapotazamana, miilini mwa wote wawili huongezeka homoni ya oksitosini, ile ile inayomfunga mama na mwanawe. Watoto wa Old Korogwe hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Najua watakaonikumbusha dini. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa katika madhehebu ya Shafi kama wengi wa Tanga, na najua mate ya mbwa ni najisi na namna ya kutoharisha palipoguswa. Hukumu hiyo inahusu tohara. Haijampa mtu ruhusa ya kumwagia mnyama maji ya moto. Katika Sura ya Al-Kahf mbwa yupo pamoja na vijana wa pangoni, amelala mlangoni kwao. Na mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, tumefundishwa kuwa Mwenyezi Mungu alimsamehe. Ningefurahi kuisikia habari hiyo ikisomwa kwenye hotuba ya Ijumaa, wiki moja kabla ya chanjo, na makanisani vilevile lisemwe lao.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na mbwa hakuachwa nje. Anayemfuga anawajibika kumpa maji, chakula na tiba. Sitaki watu wafungwe jela kwa ukoko. Nataka wenyeviti wa mitaa waijue sheria hiyo na kuitumia kuwaonya wanaomfunga mbwa juani kutwa nzima kwa waya unaomkata shingo, maana mbwa wa namna hiyo ndiye anayekatika siku moja na kumrarua mpita njia.

Kuna kisingizio cha friji, kwamba vijiji vingi havina umeme wa kuhifadhia dawa. Kimeanza kupoteza nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo moja ya mbwa inayotumika sana nchini hubaki na nguvu hata ikikaa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, au miezi 3 kwenye nyuzijoto 30. Watafiti wanaofanya kazi mkoani Mara wakaenda mbele zaidi, wakahifadhi chanjo vijijini ndani ya vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji. Vyungu hata sisi tunavyo.

Madiwani wetu nawaomba jambo moja: chanjo ya mbwa iwe na fungu lake kwenye bajeti inayoanza Julai 1, isisubiri wafadhili, na tarehe itangazwe kwa kipaza sauti mtaa kwa mtaa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na ingefaa kata zote zichanje wiki hiyo hiyo. Mbwa akimng'ata mtu, asiuawe papo hapo kama anaweza kufungiwa salama. Afisa mifugo aitwe, mbwa aangaliwe siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, inajulikana hakuambukiza.

Na wewe msomaji, usisubiri siku hizo 10. Mwanao aking'atwa, au hata akikwaruzwa tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta ya taa wala majani. Kisha mpeleke Hospitali ya Magunga au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, na umalize sindano zote alizoandikiwa.