Barabara Haili Bega Moja la Tairi

Juzi asubuhi, katika kipindi cha redio kuhusu usafiri, msikilizaji alimuuliza mgeni, aliyetambulishwa kama mtaalamu wa magari, swali zuri kabisa: kwa nini matairi ya mbele ya Land Cruiser VX yake yanaisha upande wa ndani wakati upande wa nje bado una meno? Jibu lilitoka bila hata kupumua. "Hizo ni barabara zetu, ndugu yangu. Gari zito, barabara mbovu, utafanyaje? Nunua tairi nzuri, achana na za Kichina." Mtangazaji akaitikia, wakaenda kwenye tangazo.

Nimekasirika na hasira haijaisha. Msikilizaji yule alikuwa ameshaleta ushahidi wote mezani. Alisema ndani kumeisha, nje kuna meno. Mtaalamu wa kweli angemzuia hapohapo asisafiri na gari lile mpaka lipimwe. Badala yake akaambiwa maneno ambayo kila mwenye shangingi nchini ameshaambiwa na fundi, na dereva wa ofisi, na jirani: barabara zinakula matairi.

Hebu tulitazame tairi lenyewe. VX ya toleo la 200, ile iliyotoka mwaka 2007, huvaa tairi la 285/60R18. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita: 285, yaani haufiki hata rula ya mtoto wa shule. Ndani ya upana huo mdogo, bega la ndani na bega la nje yanakanyaga barabara ileile, kokoto zilezile, lami ileile yenye joto lilelile la saa nane mchana pale Chalinze. Kama barabara ndiyo mlaji, imejuaje kula ndani na kuacha nje? Barabara mbaya kweli humaliza tairi mapema, lakini hulimaliza lote. Tairi lililoisha upande mmoja limeisha kwa sababu gari linalikanyagia upande mmoja. Gari ndilo linaloumwa.

Sababu ya kwanza inaweza kupimwa kwa utepe. Pima umbali kati ya matairi mawili ya mbele, kwa upande wa mbele, kisha upime kwa upande wa nyuma wa matairi hayohayo. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya alivyopanga mtengenezaji, matairi hayo hayaelekei linakokwenda gari. Tuseme tofauti imezidi kwa milimita 3 tu, unene wa sarafu mbili hivi. Tairi la VX lina kipenyo cha karibu sentimita 80. Fanya hesabu: kila kilomita moja, kila tairi linaburuzwa kwa ubavu karibu mita 2. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600. Maana yake mpaka unafika, kila tairi la mbele limesuguliwa kwa ubavu zaidi ya kilomita nzima, likiwa limebeba sehemu yake ya gari lenye uzito wa tani mbili na nusu na ushee. Lami ya Segera imekosa nini hapo?

Matairi yakiachana kwa mbele, yanaisha ndani. Yakibana kwa mbele, yanaisha nje. Na huhitaji mashine kulijua hilo. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe. Ukisikia ni laini kwa mwelekeo mmoja na yanakwaruza kwa mwelekeo mwingine, tairi linaburuzwa. Sababu ya pili ni mlalo. Tairi likilala, kichwa kikiingia ndani, uzito mwingi unakaa kwenye bega la ndani. Na VX zetu hulala kwa sababu zinazojulikana: bushi za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu zimekufa, boljointi imelegea, springi za mbele zimechoka, au mwenye gari amefunga ngao ya chuma na winchi mbele, pua ikashuka, na hakuna aliyefikiri kurudisha vipimo.

Wapo wanaosema magari makubwa hayahitaji alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mwelekeo na mlalo wa magurudumu. Nimeyasikia haya kwenye gereji zaidi ya moja, yakisemwa na watu wenye spana mkononi: "Bosi, hii ni Kruza, hii haina alaimenti, alaimenti ni za IST." Nashindwa kuelewa mtu anawezaje kulala chini ya gari kila siku na bado akasema hivyo. VX ya 100, VX ya 200, Prado za tangu mwaka 1996, zote zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja na mikono yake. Kwenye mikono ya chini kuna bolti maalumu zenye kemu ambazo mtengenezaji ameziweka kwa ajili ya kurekebisha vipimo, mlalo ukiwemo. Toyota waliziweka zile kama pambo? Hata zile Land Cruiser za kazi, mkonga wa polisi na wa hospitali, zenye eksel moja nzima mbele, zina tairodi inayorekebishwa. Zenyewe mlalo hauguswi, ni kweli, na eksel ikipinda hakuna mashine itakayoinyoosha. Lakini tairodi inarekebishika, na bearingi za kwenye shingo ya gurudumu zikilegea zinafanya tairi liyumbe. Kuziita gari zisizo na alaimenti ni uvivu.

Na hao wengine wanaofanya alaimenti hufanya nusu. Bolti za kemu zimeshika kutu, fundi anaziona ngumu, anaziacha, anazungusha tairodi peke yake, anapokea fedha. Usukani umenyooka, mteja ameridhika, tairi limebaki limelala vilevile. Mashine ya kompyuta hutoa karatasi ya vipimo, kabla na baada. Idai. Kama hakuna karatasi, hujui umelipia nini. Na alaimenti juu ya bushi zilizokufa ni fedha umeitupa, kwa sababu vipimo vinahama tuta la kwanza tu. Kwanza badilisha vilivyolegea, pili jaza upepo sawa, tatu ndipo upime.

Kuna hoja ya "tairi za Kichina", na hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Tairi baya lina makosa mengi: linaweza kuisha haraka, kuteleza kwenye mvua, kupasuka. Lakini kiwanda cha tairi hakiwezi kutengeneza tairi linaloisha ndani tu, tena kwa gurudumu la mbele kushoto tu, tena kwa gari la mtu mmoja tu. Wachina wangehitaji kumjua mwenye gari. Shemeji yangu alishikilia hoja hiyo kwa VX yake. Akanunua matairi ya jina kubwa la Kijapani, manne ambayo bei yake haipungui milioni mbili za shilingi, akayafunga kwa furaha. Mabega ya ndani yakaisha vilevile, mapema vilevile. Gari liliponyanyuliwa kwa jeki na gurudumu kutikiswa, mkono wa chini ulikuwa unacheza kiasi cha kuonekana kwa macho. Bushi. Kitu cha mpira kinachoshikwa kwa kiganja, bei yake haifiki hata bei ya tairi moja. Muuzaji wa matairi hakumwambia lolote, na kwa nini angemwambia?

Mwingine alinieleza kwa uso mkavu kwamba tairi la kushoto linaisha kwa sababu abiria wake wa kushoto ni mnene. Sina la kumjibu mtu huyo, ila kwamba asimsingizie mkewe.

Tena, magari haya tunayanunua yametumika Japani. Barabara za Japani ni laini, zina mistari, hazina makorongo. Kama barabara nzuri ingetosha, Wajapani wasingekuwa na haja ya alaimenti. Wanazo, na wanazipima. Tairi la Osaka nalo linaisha upande mmoja bushi ikifa.

Sasa geuka kaskazini, utazame madereva wa watalii wa Arusha. Kutoka lango la Ngorongoro kushuka hadi Naabi, kuingia Serengeti, ile barabara ya rasta, yenye mawimbi madogo yaliyofuatana, inatikisa mpaka meno ya abiria. Kama kuna mahali barabara ina haki ya kulaumiwa ni pale. Namjua mzee mmoja aliyeendesha njia hiyo kwa miaka mingi, na matairi ya Kruza yake yalikuwa yanaisha sawasawa, bega kwa bega, mpaka mwisho. Nilimuuliza siri. "Hakuna siri, mwanangu," akasema. "Nikirudi safari naingia chini ya gari kabla sijaingia nyumbani." Anahamisha matairi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, na spea inaingia kwenye zamu, kila kilomita elfu nane au kumi. Anapima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Anashika kila bolti. Rasta yenyewe inaua shokapu: inatikisa mfululizo, mafuta ndani yanapata moto na kufanya povu, shokapu inalegea, tairi linaanza kurukaruka, na likirukaruka linaisha kwa mabaka, hapa kilima, hapa bonde. Mzee akiona mabaka anabadilisha shokapu. Akiona mabaka, huyu wetu wa redio angebadilisha tairi.

Na upepo! Nchi hii inajaza upepo kwa kupiga tairi teke. Kijana wa pancha anabonyeza, anasikiliza, anasema "tayari, bosi." Kipimo chake, kama kipo, kimeanguka sakafuni mara zisizohesabika. Wengine husoma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi wakajaza hiyo, wakati hiyo ni ya juu kabisa, mwisho wa tairi. Namba ya gari lako imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kwa VX ya 200 ni kama psi 33. Ukizidisha, tairi linaisha katikati. Ukipunguza, linaisha mabega yote mawili. Kipimo kizuri cha mkononi unakinunua mara moja. Watu wananunua viti vya ngozi, taa za bluu na vioo vyeusi, kipimo cha upepo hawana.

Vilevile ile tabia ya kununua matairi mawili. VX ya 200 inaendesha magurudumu yote manne muda wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Mbele mapya, nyuma vipara, mizunguko inatofautiana, na difu hiyo inafanya kazi ambayo haikuumbiwa kila mita unayokwenda. Baadaye inalia, na atalaumiwa tena mjenzi wa barabara.

Tulikuwa na kiwanda cha matairi Arusha, General Tyre, kikatengeneza tairi hapahapa, kikasimama, na miaka inapita tukiahidiwa kwamba kitarudi. Nchi inayoagiza karibu kila tairi kwa fedha za kigeni ndiyo inayotupa matairi ambayo nusu ya maisha yake bado imo. Nenda kwenye rundo la matairi yaliyotupwa nyuma ya gereji yoyote inayohudumia magari ya ofisi za umma. Yageuze. Utakuta bega moja limekwisha na robo tatu ya meno ni mazima. Zile ni kodi zetu zimelala pale juani, na kwenye jalada la ununuzi imeandikwa: barabara mbovu.

Ningevumilia kama ni fedha tu. Tatizo ni kwamba bega la ndani halionekani. Trafiki anayesimama kando ya gari anaona upande wa nje una meno, anapunga mkono. Mwenye gari akilizunguka gari lake anaona tairi zima. Huko ndani waya zimeshatokeza. Gari linatoka Morogoro kwenda Dodoma kwa mwendo wa 120, familia imo, jua limewaka, na tairi la mbele linafunguka. Siku ya pili tunasoma kwamba chanzo ni kupasuka kwa tairi, kana kwamba tairi liliamua lenyewe. Hakuna anayeandika kwamba lilikuwa linasema kwa miezi.

Wewe mwenye VX, Prado au mkonga, fanya hivi leo kabla ya kulala. Zungusha usukani mpaka mwisho upande mmoja, shuka, washa tochi, chungulia bega la ndani la kila tairi la mbele, kisha geuza upande wa pili. Chungulia na ya nyuma. Ukiona pamekuwa laini wakati nje kuna meno, kesho peleka gari likanyanyuliwe na mikono itikiswe kabla hujanunua tairi lolote. Ukiona waya, usiliendeshe.