Sifuri ya Nini?

Tarime na Serengeti, mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba, na matokeo hutoka Januari. Baina yake ipo Desemba, msimu wa kukeketa. Binti aliyetoroka usiku, akamwacha mamake, akapokewa katika nyumba salama ya Masanga au Mugumu, huenda Januari akaitwa sifuri. Sifuri ya nini? Mkoani humo humo, Azimio la Musoma la 1974 lilikataa mtihani wa maandishi uwe hakimu pekee. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora. Sisi wazazi na walimu (nami simo nje) tungali twawapanga watoto kwa alama, na wa mwisho twamwonea haya. Mwalimu, kabla ya kumsomea daraja lake, muulize Desemba alilala wapi.